Mkono wa Kuume wa Katreni

Watu wa Kasongo walipotaka kumcheka Papa Gédéon Kayumba walisema kwamba ana mji wake mwenyewe, na mji huo unalala chini ya kitanda. Hawakusema uongo. Ulikuwa mji kamili juu ya ubao wa tripleksi, wenye gare ya kusimamia treni, na tangi la maji, na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, na reli mbili nyembamba alizozitoa kwenye nyaya za gurudumu la baiskeli. Kila jioni aliusukuma chini ya kitanda ili kuku wasiukanyage. Kila asubuhi, akishanawa uso, aliuvuta tena nje, akapuliza vumbi juu ya mapaa.

"Wengine wanaongeza mke wa pili," mkewe, Mama Nadine, aliwaambia majirani waliokuja kuomba mawese. "Wangu aliongeza gare. Afazali mke wa pili, angenisaidia kusonga bugali."

Gédéon alicheka pamoja nao. Alikuwa seremala wa karakana ya parokia mpaka magoti yalipomkatalia, na nusu ya milango ya mji ilitoka mikononi mwake, ya Wakristo na ya Waislamu. Akipita kwenda sokoni aliitazama milango ile kama baba anavyotazama watoto wake wakicheza: huu umetulia, huu wenyewe wameuacha mvua ikaula. Alijivuna kwamba hakuna mlango wake hata mmoja uliowahi kukwaruza sakafu. Hakukata ubao bila kuupima, na akishaupima aliupima tena. Subira hiyo ndiyo iliyompa heshima. Subira hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mji wa chini ya kitanda uliitwa Kimanda. Zamani ulikuwa kule juu, katika vilima vya Kabambare, enzi kampani moja ya madini ilipokuwa inachimba bati. Bati lilishuka kwenda Lualaba kwa treni ndogo, reli zake zimekaribiana hata mtoto wa shule aliweza kusimama mguu mmoja huku na mwingine huku. Watu walioijua treni kubwa ya Samba, ng'ambo ya mto, waliicheka. Waliiita Katreni. Baba yake Gédéon alikuwa mtia kuni wa Katreni, na jioni alirudi nyusi zimeungua na shingo imekaza upande mmoja, akakaa kwenye kigoda mkewe ampake mawese ya moto. Gédéon alikumbuka hayo mawili, nyusi na shingo, kwa maana alitoka Kimanda akiwa mdogo, na mtoto mdogo hubeba anachoweza kubeba.

Mama yao aliitwa Apolline. Alifariki Kimanda katika mvua zilizotangulia vita ya waasi wa Simba. Sasa, kwa watu wa kwao, mtu akizikwa kazi haijaisha. Kaburi huachwa kwanza udongo ushuke, ndipo matanga yaondolewe: mzaliwa wa mwisho hulifagia kaburi kwa ufagio mpya, mbuzi huchinjwa, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayetia mkono chunguni. Yeye asipoonja, hakuna anayeonja. Na mpaka siku hiyo ifike, mzaliwa wa kwanza hali mbuzi kabisa. Kwa kawaida ni kungoja kwa miezi, si zaidi. Lakini Mama Apolline alikuwa bado mgeni chini ya udongo bunduki ziliposikika upande wa njia kubwa, na Kimanda nzima ikashika pori. Hawakurudi. Kampani nayo haikurudi. Baadaye watu waling'oa reli, moja ikawa daraja, moja ikawa nguzo ya nyumba, moja ikatundikwa kanisani ikawa kengele, na pori likaingia kulala palipokuwa pa watu.

Mzaliwa wa mwisho alikuwa Gédéon, aliyekimbizwa akiwa mgongoni. Mzaliwa wa kwanza alikuwa dada yake Sidonie, msichana aliyekwisha kukomaa, na mgongo ulikuwa wake.

Sidonie aliolewa Wamaza, akalima, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka. Mbuzi hakumla. Si siku ya harusi yake, si Noeli, si siku mtoto wake wa kwanza alipopata diploma. Wakwe zake walidhani ni mwiko wa tumbo. Hakujisumbua kuwaeleza.

Baba yao alipokuwa anakata roho, hapa hapa Kasongo, alisema neno moja tu la maana: "Mama yenu iko mukono wa kuume wa Katreni, pale inakunywaka maji." Sidonie akamgeukia ndugu yake.

"Umesikia, mwenye ufagio?"

"Nimesikia, Yaya," akajibu, kama mdogo amwitavyo dada mkubwa.

"Basi mutafute."

Ndiyo sababu ya ule mji. Watu waliomcheka hawakujua, na yeye hakuwaambia.

Mwanzoni alitaka kupajua mahali tu. Lakini Kimanda haikuwapo tena kwenye njia ya mtu yeyote, na vijana wa huko hata jina walilisikia kama jina la mto. Akaenda kwa Monpe Blaise, padri wa parokia, akaomba kuona vitabu vya ubatizo vya zamani. Mle aliona watoto wa Kimanda wamebatizwa, na pembeni imeandikwa kambi ya juu au kambi ya chini, na kazi ya baba. Akaanza kujua nani alikaa jirani na nani. Akaenda Nyangwe kwa Mzee Assumani, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa wapakiaji na alikuwa ameacha picha moja, wanaume wamesimama mbele ya gare wamekunja mikono.

"Baba yangu ni huyu mwenye kanzu," Mzee Assumani alisema. "Huyu mweusi wa moshi, nafikiri ni wako."

"Ni wake," Gédéon akasema. "Tazama shingo."

"Kweli. Anatutazama kama jogoo."

Wakacheka, wakala samaki. Gédéon aliiangalia picha ile kwa kioo cha kukuzia mpaka Mzee Assumani akasinzia kitini. Alipoondoka alijua gare ilikuwa na madirisha mangapi na paa lake lilivunjikia wapi.

Kisha akaenda mpaka Kindu, kwenye biro moja, ofisi yenye karatasi za reli za zamani. Karani aliyekuwa pale alikuwa mtu mwema, mwenye kikohozi. Akamwambia karatasi nyingi zilishauzwa sokoni kufungia karanga, na zilizobaki mchwa wameonja, lakini atafute, hakuna anayemkataza. Gédéon akatafuta, amepiga magoti yale mabovu. Akaipata plani ya Kimanda, mchoro wa kampani wa mji mzima. Akapigiwa fotokopi, akaikunja ndani ya Biblia, akarudi nayo Kasongo kama mtu anayerudi na bibi harusi.

Tangu siku hiyo mikono haikulala. Kuta alizijenga kwa vijiti vyepesi vya muwale, vile ambavyo watoto hutengenezea magari. Mapaa alikata makopo ya sardini. Tangi la maji lilikuwa kopo la nyanya lililosimama juu ya miguu minne. Alipokosa kujua kitu hakukikisia. Alikiacha wazi, akaenda kuuliza. Mara aliuliza rangi ya mlango wa dispansari. Mara aliuliza kama ngazi ya gare ilikuwa ya mawe au ya mbao, na kwa ajili ya ngazi hiyo alirudi Nyangwe, akamkuta Mzee Assumani ana homa, akamwuliza hivyo hivyo. Na lazima niseme kwamba katika shughuli hiyo jambo moja lilimgeuka bila yeye kuliona. Alianza kwa kumtafuta mama, na sasa alikuwa anatafuta madirisha.

Kutoka Wamaza Sidonie alituma maneno kwa wapita njia, kwa wauza mchele, kwa wanawake waliokuja hospitali.

"Dada yako anauliza umefika wapi."

"Mwambieni nimefika kwenye kambi ya juu."

Safari nyingine: "Dada yako anasema, mama yenu hakai gare. Ufanye haraka."

Gédéon akatabasamu, akachukua msasa. Paa la gare lilikuwa bado halijamridhisha.

Wangapi wanajua kwamba mtu anaweza kuchelewa kwa kufanya kazi vizuri? Yeye hakujua. Kila mlango wake ulichelewa, na kila mwenye mlango alilalamika, na mlango ulipofungwa kwa kidole kimoja wote walisahau malalamiko. Alifikiri dada yake naye atasahau.

Kwenye plani, kando ya tangi la maji, kulikuwa na duara. Karani wa Kindu alikuwa amemweleza: hiyo ni sahani kubwa ya chuma, injini inapanda juu yake, watu wanaizungusha mpaka inatazama ilikotoka. Gédéon akaitengeneza kwa kifuniko cha kopo la maziwa, akaiwekea msumari katikati, na ikazunguka kweli. Kisha akafikiri kama seremala. Katreni ilipanda kutoka Lualaba pua ikitazama kilima. Ikageuzwa kwenye sahani. Halafu, kabla ya kushuka, ikanywa maji, pua sasa ikitazama Lualaba. Basi mkono wake wa kuume ulikuwa upande wa kijito. Upande wa pili, wa kushoto, ilikuwa michikichi ya kampani. Alipima, akapima tena. Mama alikuwa upande wa kijito.

Akatuma neno Wamaza kwamba wakati umefika. Sidonie miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kupanda pikipiki katika milima ile. Akajibu: "Nenda wewe. Ufagio ni wako. Mimi nitakaa na chungu."

Kiangazi hicho Gédéon alipanda kwenda Kimanda pamoja na Dady, dereva wa pikipiki wa Kasongo, mtu wa maneno mengi na breki chache. Siku ya pili walitembea kwa miguu, Dady anakata majani kwa panga. Wakaikuta miguu minne ya saruji ya tangi, mti umeota katikati. Gédéon alisimama hapo akavua kofia. Akageuza mgongo kilimani, akautazama upande wa Lualaba kama ingetazama Katreni, akanyosha mkono wa kuume, akaenda ulikoonyesha. Kule karibu na kijito kulikuwa na makaburi. Vilima vya udongo vilivyoshuka, mawe kichwani, mawe miguuni, hakuna msalaba. Akajiambia misalaba ya mbao huoza. Lilikuwako moja limejitenga kidogo na mengine, chini ya mti, na moyo wake ukalitaka.

Ng'ambo ya palipokuwa na reli ilisimama michikichi mikongwe. Hakuvuka kwenda huko. Hakuona sababu.

Akafagia. Akaimba wimbo wa wafu wa Kanisa, mistari yote, Dady akimsaidia kiitikio. Mbuzi waliyekuja naye kutoka kijiji cha mwisho akachinjwa, hakuna aliyeonja, na mguu mmoja ukakaushwa kwa moshi, ukafika Wamaza siku ile ile waliyorudi. Sidonie akaupika mwenyewe. Majirani walisimulia kwamba alikaa muda mrefu na kipande mkononi, analia na kucheka, akasema: "Nilikuwa nimesahau kama iko na mafuta namna hii." Ndipo akala, na wote wakala.

Hapo mambo yangekwisha vizuri, kama Gédéon angekuwa mtu wa kuacha kazi ikiwa imekwisha.

Lakini mji bado ulikuwa na upande mmoja mtupu, na Monpe Blaise alikuwa ameanza kusema kwamba uwekwe shuleni, wanafunzi wauone siku ya yubile. Gédéon akasema sawa, ila Yaya auone kwanza. Hilo nalo akalichelewesha. Nyumba za kambi ya chini, mabomba, mitungi ya nje ya mlango, mitungi midogo kama punje za mahindi. Miaka miwili ikapita hivyo, na macho ya Sidonie yakafunikwa na ukungu mweupe. Hapo ndipo Gédéon aliposhtuka. Akaufunga mji kwa vitenge viwili vya Mama Nadine, akaukaza kwa kamba za mpira mgongoni kwa Dady, na yeye mwenyewe akakaa nyuma akiushika kwa mikono miwili.

Njia nzima watu waliuliza.

"Munabeba nini? Mulango?"

"Mji," Dady akajibu. "Mukitaka nyumba museme mapema, zinakwisha."

Wamaza, binti wa Sidonie aitwaye Aurélie alikuwa ameweka meza chini ya paa la jiko. Chungu kilikuwa motoni, na harufu yake ilikuwa ya mbuzi, kwa sababu tangu siku ile, Sidonie akipata mgeni wa heshima hakupika nyama nyingine. Alikuwa amekonda sana. Alikaa kitini, akanyosha mikono mbele kama anayeota moto.

"Niletee," akasema. "Macho hayataki tena. Nitatazama na vidole."

Gédéon akaweka ubao mbele yake, akashika kiganja chake akakiweka kwenye gare. Vidole vikatembea. Vikapanda paa, vikahesabu madirisha, vikateremka ngazi.

"Ngazi ya mawe," akasema. "Nilianguka hapa nikavunja chungu cha mama. Nani alikuambia ni ya mawe?"

"Mzee Assumani wa Nyangwe."

"Mimi sikuwa hai?"

Vidole vikaendelea. Dispansari. Nyumba ya mzungu wa hesabu. Kambi ya juu, na hapo vikapita mlango kwa mlango, na kwa kila mlango akataja jina, na mara mbili akasema, "Hapa umekosea, lakini si kitu." Aurélie akacheka kwa furaha kumwona mama yake hivyo. Akapakua, akaweka sahani ya mbuzi na bugali pembeni mwa ubao, karibu na mkono wake.

Vidole vikafika kwenye tangi. Vikashuka miguu minne. Vikagusa kifuniko cha kopo la maziwa, nacho kikazunguka.

"Hii ni nini?"

"Sahani ya kugeuzia injini, Yaya."

"Kugeuza namna gani?"

Akamweleza kama karani alivyomweleza yeye. Sidonie alisikiliza kichwa kimeinama.

"Haikuwa," akasema.

"Iko kwenye plani."

"Plani ilitaka. Sisi hatukuiona. Walichimba shimo lake, mvua ikajaa, tukakuwa tunavua vyura mule." Akaizungusha tena kidogo, kama mtoto. "Katreni haikugeukaka hata siku moja, mudogo wangu. Ilipanda pua mbele, ikashuka matako mbele, sawa mutu anatoka mbele ya mwami. Unafikiri shingo ya baba ilipindishwa na nini? Safari nzima ya kushuka ilikuwa kutazama nyuma."

Gédéon akaikumbuka shingo ile. Akaona kigoda, na kiganja cha mama kinachong'aa mawese. Alikuwa amekaa mbele ya shingo ile utoto wake wote, na hakuwahi kuiuliza kitu.

"Basi, pale inakunywa maji," akasema taratibu, "pua ilikuwa inatazama..."

"Kilima. Hata inapanda, hata inashuka, pua ni kilima. Na kuume ni michikichi, nilifikiri ulimuelewa baba. Baba alisimamisha kipande cha reli juu ya mama, kwa sababu mbao huoza. Nilifikiri wezi wa chuma walikibeba, ndiyo maana hukunitajia." Vidole vikasimama. Alikuwa mwanamke mwepesi wa akili, na ukungu ulikuwa machoni tu. "Gédéon. Ulifagia wapi?"

Angeweza kusema: kwenye michikichi. Dady alikuwa nje anafuta pikipiki, hakuna ambaye angemsuta. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa mtu ambaye mlango wake haukwaruzi sakafu, na alijua mlango huu ungekwaruza kila siku.

"Kwenye kijito, Yaya."

"Kwenye kijito walilala wazee Waislamu."

"Sikujua."

"Kwa hiyo umemufagilia babu wa watu. Umemwimbia na wimbo wa Kanisa?"

"Mistari yote."

Sidonie akacheka kidogo, akakohoa. "Masikini mzee wa watu. Anajiuliza mpaka leo hawa ni nani." Kisha kicheko kikamtoka usoni polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Mkono wake ukatafuta sahani ya mbuzi pembeni mwa ubao. Ulipoipata haukuisukuma kwa hasira. Uliisogeza tu, mpaka ikatoka mezani kwake ikawa mbele ya Aurélie.

"Uniletee majani ya sombe," akasema.

Kesho yake Gédéon na Dady walipanda tena Kimanda. Safari hii hawakuhitaji panga. Njia ilikuwa pana, imekanyagwa, na kwa mbali walisikia chuma kinagongwa, sauti nyembamba ya kuita watu kwenye chakula. Michikichi haikuwapo. Palipokuwa na michikichi palikuwa na mashimo, moja ndani ya ubavu wa lingine, yamejaa maji ya rangi ya chai, na mahema ya plastiki, na vijana wenye matope mpaka kope. Walikuwa wachimba dhahabu. Mkubwa wao aliitwa Héritier. Aliwapa viti, akasikiliza mpaka mwisho bila kukata neno.

"Papa, tulikuja msimu huu wa mvua uliopita," akasema. "Kabla ya hapo ilikuwa michikichi tu. Chuma kile tulikikuta kimesimama peke yake, tukasema ni cha kampani. Kama tungejua kuna mutu, tungezunguka. Tuko watoto wa watu."

"Hamkuona kitu chini?"

Héritier akatazama mikono yake. "Udongo ulishaanguka wote, Papa. Nisikudanganye."

Gédéon akageuka. Miguu minne ya tangi ilikuwa pale, ng'ambo kidogo. Kutoka alikosimama na kofia mkononi miaka miwili iliyopita, angeweza kumrushia mtu embe hapa. Kile chuma kilikuwa kimesimama ndani ya majani, na yeye alikipa mgongo akaenda kunyosha mkono upande mwingine. Na kabla ya miaka hiyo miwili kulikuwa na miaka mingine, ya madirisha, ya ngazi, ya paa la gare.

Sauti ya chuma ikalia tena. Kipande cha reli kilining'inia kwenye waya, kifupi, chembamba, si reli ya Samba hii.

"Ndicho?" akauliza.

"Ndicho. Ukichukue, Papa. Sisi tutatafuta rimu ya gari, inalia hata zaidi."

Alikibeba magotini mpaka Wamaza. Sidonie alikipokea mapajani, akakipapasa, akakuta tundu ambalo baba yao alilitoboa kwa kupitishia maua.

"Ndiyo," akasema. "Na udongo?"

"Ni shimo, Yaya. Maji yamejaa."

Sidonie akakifuta kile chuma kwa ncha ya kitenge chake.

"Tukisimamishe hapa nyuma ya nyumba," Gédéon akasema. "Nitafagia hapa. Nitafagia kila siku ukitaka."

"Mama hayuko hapa. Unataka ufagio upite juu ya nini, mihogo yangu?" Akakipapasa tena kile chuma. "Nikifa mukisimamishe juu yangu. Hapo utafagia, kwa sisi wote wawili. Usichelewe tena."

Aliporudi Kasongo, kitu cha kwanza Gédéon alichofanya ni kung'oa kifuniko cha kopo la maziwa. Kilikuwa kimepigiliwa vizuri, kikaacha duara jeupe kwenye ubao. Monpe Blaise alipouona mji siku ya kuupeleka shuleni akaweka kidole juu ya duara lile.

"Lakini hapa palikuwa na kitu, Papa Gédéon. Iko kwenye plani."

"Plani ilitaka, Monpe."

Wanafunzi waliusifu sana ule mji. Yeye hakwenda kwenye yubile.

Sidonie alifariki mvua zilipoanza. Safari hii hakuna kilichocheleweshwa. Kile chuma kilisimamishwa kichwani pake, na udongo uliposhuka Gédéon akaja na ufagio mpya aliousuka mwenyewe. Alifagia kwa utaratibu, kuanzia miguuni, hakuacha jani. Watu wa Wamaza walisema hawajaona kaburi lililofagiwa hivyo. Mbuzi alichinjwa. Wanawake wakapika, wakaleta chungu uani, wakakifunua, na wote wakakaa kuzunguka mvuke.

Aurélie alishika upawa. Kwa kaburi la mama yake yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, naye akatia mkono, akaonja, akameza. Watu wakasogea. Lakini upawa wake ukabaki juu ya chungu, akamtazama mjomba wake.

"Na kwa bibi Apolline?" akauliza. "Mjomba, kwa bibi nani aanze?"

Gédéon alikuwa bado ameshika ufagio. Akawatazama watu wote waliokaa pale, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta uso anaoujua sokoni.

"Muwapakulie watu, Aurélie," akasema. "Kwa mama yenu wale washibe."

Wakala. Sahani yake ya mbuzi aliipokea kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, akamsogezea Dady aliyekaa kando yake. Mpaka leo, hata kwa harusi ya wajukuu wake mwenyewe, hufanya hivyo hivyo, na mgeni akimuuliza kama ni mwiko wa tumbo, humwambia ndiyo.